Wazee watarudi ndani ya bato?

Kuna ulizo moja ambayo kule Ulaya na Marekani waliijadili sana tangu mwaka 2020, na sisi huku tuliiona kama ulizo ya watu wasiokuwa na shida: je, wazee wao watarudi tena kufanya kruazieri? Kruazieri, kwa yule ambaye hajasikia bado, ni safari ya starehe ndani ya meli kubwa kama mtaa mzima. Mutu analala humo, anakula humo, anacheza dansi humo, na asubuhi anaamkia kwenye mji mwingine. Wenye kuipenda sana ni wazee wa retreti, kwa sababu wako na wakati na wako na pansio inayoingia kila mwezi. Tulicheka kidogo. Kisha tukakumbuka kwamba sisi pia tuko na wazee wanaopanda bato kila juma, na hatujasikia mutu akiwauliza kama watarudi.

Tuanze na wale wa mbali. Mwezi wa pili 2020, meli Diamond Princess ilifungiwa kwenye bandari ya Yokohama, kule Japani, na watu 3.711 ndani yake. Korona ilikuwa imepanda pamoja nao. Kwa siku nyingi wasafiri walikaa ndani ya vyumba vyao, wengine vyumba bila dirisha, chakula kinaletwa mlangoni, na kwenye telefone wanasoma hesabu ya wagonjwa inapanda. Mwishoni ilifika 712. Wengi kati ya wasafiri walikuwa wazee, na ugonjwa ule, tunajua wote, ulichagua wazee. Mwezi wa tatu karibu meli zote za starehe za dunia zilisimama. Watu wenye akili walisema biashara ile imekufa, hakuna mzee atakayekubali tena kufungiwa ndani ya chuma katikati ya maji.

Ilikufa? Mwaka 2019, mbele ya korona, watu kama milioni 29,7 walifanya kruazieri. Mwaka 2023 walikuwa milioni 31,7. Walirudi, na wakapita hesabu ya zamani.

Kuna wenye kueleza jambo hili kwa neno moja: mutu anasahau. Sisi hatuamini. Kijana ndiye anasahau, mzee hasahau maji. Walirudi kwa sababu walikuwa na kitu mkononi ambacho sisi hatuna: walikuwa na uwezo wa kusema hapana. Mzee wa Lyon au wa Liège akiogopa meli, anabaki kwake, ao anapanda gari moshi na kwenda kulala kwa binti yake. Hakuna kitu kinamulazimisha. Na kila "hapana" yake inatoa makuta ndani ya mfuko wa mwenye meli. Ndiyo maana wenye meli walijisumbua. Ziliporudi majini mwaka 2021, kampuni nyingi ziliomba chanjo, ziliomba kipimo cha korona mbele ya kupanda, na zilikubali mutu avunje safari yake na arudishiwe makuta ao apewe safari nyingine. Si kwa upendo wa wazee. Ni kwa sababu mzee angebaki nyumbani, na meli tupu inakula mazutu sawa na meli iliyojaa.

Ilikuwa vile pia nyuma ya Costa Concordia. Wengine kati yenu mulitazama picha zile kwenye televizio: tarehe 13 mwezi wa kwanza 2012, meli kubwa nyeupe imelala ubavu kando ya kisiwa cha Giglio, inchi ya Italia, watu zaidi ya 4.200 walikuwa ndani, 32 walikufa. Kanuni ya wakati ule iliruhusu kufundisha wasafiri namna ya kujiokoa ndani ya masaa 24 nyuma ya kuondoka, na kuna watu waliopanda siku ileile, hawajaonyeshwa kitu. Kisha ajali, kanuni ikageuzwa: leo fundisho linafanywa mbele ya meli kuondoka, ao mara moja tu inapoondoka. Na kapiteni Francesco Schettino, aliyetoka ndani ya meli yake wakati watu walikuwa wangali humo, korti ilimukatia miaka 16 ya gereza mwaka 2015. Yule bibi wa miaka 70 anayerudi leo ndani ya meli anajua mambo hayo mawili. Anajua kamba za jile yake, na anajua kwamba kapiteni mwenye kukimbia anafungwa.

Na musituambie kwamba starehe ya bato ni kitu ya Wazungu peke yao. Wazee wa Kisangani na wa Kinshasa wangali wanakumbuka mabato ya Onatra, zaidi ya kilomita 1.700 za mto kati ya miji ile miwili, na kabine za deluxe kwa mwenye nguvu ya kulipa, na bar, na miziki, na mapirogi yanayokuja kujishikilia ubavuni katikati ya mto ili kuuzisha samaki na kwanga. Mutu alipanda Kinshasa na mke moja, anashuka Kisangani na habari za kuelezea miaka kumi. Ilikuwa kruazieri yetu, hata kama hatukuiita kwa jina hilo. Tusidanganyane lakini: kwenye mabarji yaliyofungwa mbele, fasi ya watu wa hali ya chini, msongamano ulikuwa mkubwa, na mto ulikula watu wakati ule pia. Tunasema tu kwamba kulikuwa wakati ambapo mzee wa inchi hii alipanda bato na furaha. Wajukuu wetu wakisikia vile, wanafikiri ni hadisi.

Sasa tushuke kwenye maji yetu ya leo. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, bato MV Merdi iliyotoka Minova ilizama ikiwa imefika karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma. Watu waliokuwa pwani waliiona kwa macho. Ilikuwa imejazwa kupita kipimo. Hesabu ya kwanza iliyotolewa na gavana wa Kivu ya Kusini ilikuwa watu 278 ndani, na waliokufa angalau 78, na yeye mwenyewe aliomba siku tatu ili kujua hesabu kamili. Siku zile jamaa zilizunguka kutoka bandari mpaka lopitali, kutoka lopitali mpaka fasi ya kuweka maiti, na picha kwenye telefone: "Hamukuona huyu?" Fikirini kidogo juu ya Yokohama. Watu 3.711, na dunia nzima ilijua kwamba ni 3.711, hakuna moja juu, hakuna moja chini.

Kwa nini watu walijaa ndani ya Merdi? Si kwa kupenda upepo wa ziwa. Tangu mwanzo wa 2024 vita ilikata barabara inayotoka Goma kupita Sake mpaka Minova. Mbele ya ile, malori na taksi-bisi ndizo zilileta maharagi, vitunguu, mihogo, makala, na wamama wenye mizigo yao. Barabara ilipofungwa, kila kitu na kila mutu akaingia majini. Bato haikuongezeka kama vile watu waliongezeka. Hesabu ile hata mtoto wa shule ya musingi anaweza kuifanya.

Na ndani ya msongamano ule, mzee ndiye wa kwanza kupotea. Kijana anaruka, anashika kamba, anapanda juu ya paa la bato, anaogelea mpaka pwani. Mama wa miaka 65 mwenye magoti yanayomuuma, aliyekaa chini katikati ya mizigo, mlango uko mbali naye, mbele yake kuna watu mia, nyuma yake kuna magunia. Tuseme ukweli, bato ikilala upande, huyu hana hata dakika moja.

Kwenye redaksio yetu kuna mwenzetu moja mwenye shangazi kwenye kisiwa cha Idjwi. Shangazi ana miaka 71. Ana sukari, na dokta wake yuko Goma, basi kila miezi miwili lazima avuke. Mwenzetu alisafiri naye mara moja, na alichotuelezea tunakiandika hapa bila kutaja jina la bato, kwa sababu majina yote yangeweza kuandikwa. Kupanda ni juu ya ubao moja mwembamba, bila kamba ya kushikilia, na vijana wenye kubeba mizigo wanapita kwa nguvu kwenye ubao uleule. Shangazi alivuka akiwa ameshikwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza kutembea. Ndani hakuna kiti. Alikaa juu ya gunia la makala, na kikwembe chake cha kanisa akakigeuza ndani-nje ili kisichafuke.

Mwenzetu akauliza jile. Matelo alijibu vizuri, kwa heshima: "Ziko, mama asiogope." Kweli zilikuwa: fungu zima chini ya shitingi, limefungwa kwa kamba, na juu ya shitingi kumekaa mbuzi. Zilifunguliwa wakati gani? Wakati Goma ilianza kuonekana. Matelo walizigawa mbiombio, kila mutu akatia yake juu ya mabega bila kufunga, bato ikapita mbele ya macho ya wakubwa wa bandari, kisha zikarudishwa ndani ya fungu. Tuliposikia vile tulielewa: kwenye ziwa letu jile inavaliwa juu ya polisi, haivaliwe juu ya maji.

Amri lakini iko. Mwezi wa ine 2019, nyuma ya bato kuzama upande wa Kalehe na watu wengi kupotea, Raisi Félix Tshisekedi alifika kule, na akasema kuvaa jile ni lazima kwa kila msafiri. Hatuombi amri ya pili. Amri ya kwanza haijavaliwa bado.

Siku ile walipofika nyumbani, mwenzetu alimuuliza shangazi ulizo yetu, ile ya Wazungu: utarudi kupanda? Alimutazama kama mutu anayetazama mgonjwa. "Miye niko ku kisiwa, mwana wangu," alimujibu. "Ile ulizo yako ni ya batu ba barabara."

Tumewaza sana juu ya jibu hilo. Ndani yake kuna tofauti yote kati ya wazee wa Diamond Princess na wazee wetu. Wale walirudi kwa sababu waliamini. Wetu wanarudi na woga wao uleule, wakisali tangu kamba inafunguliwa mpaka inafungwa, kwa sababu lopitali iko ng'ambo, soko iko ng'ambo, matanga ya ndugu iko ng'ambo. Mwenye bato anawaona wanarudi na anasema: munaona, watu wanapenda bato yangu. Na mkubwa wa Leta anatazama hesabu ya wasafiri, haikupunguka, anasema: munaona, imani imerudi. Hakuna imani iliyorudi. "Hapana" ya shangazi haina fasi ya kwenda, ndiyo maana hamuisikii.

Kuna wanaotujibu: basi mzee akae nyumbani. Watoto ndio wanasema vile mara nyingi, tena watoto wenye kukaa mbali, wanatuma makuta kwa telefone na wanasema "tutakuja sisi." Hawakuji. Mzee akae nyumbani, na dawa yake? Na harusi ya mjukuu? Na kaburi la bwana yake lililoko upande ule mwingine? Kumukataza mzee bato, kwa kisiwa, ao kwa Minova wakati barabara ilikuwa imefungwa, ni kumuambia angoje kufa fasi aliko. Hatukubali jibu lile hata likiwa limesemwa kwa upendo.

Wenye mabato nao wako na maneno yao, na tuliyasikiliza. Mazutu imepanda bei. Bato ni nzee, injini inatengenezwa kila mwezi. Na mbele ya kuondoka wanapita mbele ya service moja, mbili, tatu, tano, kila moja na karatasi yake na franga zake, yenye kuandikwa na isiyoandikwa. Kwa lile wako na haki. Mwenye bato akishamaliza kulipa wote, anasema faida yake iko kwa wale watu makumi manne wa juu ya kipimo. Sisi tunaongeza jambo moja: kati ya wakubwa wale wote wanaosimama bandarini, kila moja anahesabu makuta, na hatujamuona bado yule mwenye kazi ya kuhesabu vichwa.

Basi tunaomba nini? Hatuombi meli yenye dansi. Tunaomba ubao mpana wenye kamba pande mbili, kazi ya seremala wa siku moja. Tunaomba benchi moja karibu na mlango, ya wazee, wamama wenye mimba na wagonjwa, na mizigo isiwekwe mbele yake. Tunaomba jile ifungwe kwenye mwili wa mutu mbele ya kamba ya bato kufunguliwa, na matelo moja, tena mwenye subira, apite kufunga zile za wazee kwa mikono yake, kwa sababu vidole vya miaka 70 havishindani na kamba ya plastiki.

Na kuna jambo moja tunaloliweka juu ya yote. Kipimo cha bato kipakwe rangi kwenye ubavu wake, hesabu kubwa ambayo hata mwenye macho mazito ataisoma, na hesabu ileile iandikwe kwenye tike. Kila mwenye kupanda ahesabiwe kwa sauti kwenye ubao. Hesabu ikipita kipimo, kila mwenye tike awe na haki ya kushuka na kurudishiwa franga zake zote palepale, bila maneno, bila kuambiwa "ngoja bato inarudi." Mutu moja akishuka, mwenye bato atacheka. Watu makumi tano wakishuka, ataelewa kipimo haraka kuliko kwa amri kumi za Kinshasa. Itakuwa njia ya kumupa shangazi wa Idjwi sehemu ndogo ya ile "hapana" ambayo bibi wa Lyon anayo bila kuiomba.

Tunajua watakaosema: wazee wetu hawatashuka, watahofia kulala bandarini na mizigo. Ni kweli kwa wengine. Ndiyo maana hesabu kwenye ubao ni kazi ya kamisere wa ziwa na watu wake, si kazi ya bibi. Bato ikipita kipimo, isiondoke. Na ikiondoka na ikazama, tunataka kuona mwenye bato na yule aliyetia sahihi ya kuondoka mbele ya korti moja, siku moja, kama vile Italia ilivyofanya na kapiteni wake. Nyuma ya ajali nyingi za maziwa yetu tulisikia habari ya anketi kufunguliwa. Tungependa, hata mara moja, kuandika kwenye ukurasa huu kwamba anketi moja imefungwa, na nani alihukumiwa, na kwa miaka mingapi.

Mwezi ujao shangazi atavuka tena kwa ajili ya dokta. Mwenzetu amemununulia jile yake mwenyewe, ya rangi ya machungwa, na ameichora jina lake mgongoni kwa bike. Shangazi ameiweka chini ya kitanda, imekunjwa pamoja na vikwembe vya kanisa, na amesema ataivaa tangu nyumbani, wacheke wenye kucheka. Juzi alipiga telefone. Hakuuliza habari za vita, wala za bei ya tike. Aliuliza tu kama zile kamba zinafungwa mbele ao nyuma.